Barua za Luteni Truman kutoka kambini: dhana potofu na ukweli

Kabla hajawa rais wa Marekani, Harry Truman alikuwa luteni wa mizinga mwenye umri wa miaka 33 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu mwishoni mwa Septemba 1917 hadi Machi 1918 alikuwa Camp Doniphan, kambi ya mafunzo iliyopakana na Fort Sill, Oklahoma, na kutoka huko alimwandikia mchumba wake, Bess Wallace, kila alipopata nafasi.

Dhana: Barua za ofisa zimejaa vita.
Zimejaa vumbi. Kambi ilikuwa ya mahema, na upepo wa Oklahoma uliliingiza vumbi machoni, puani, hata mdomoni. Halafu kuna kantini, duka la askari kambini. Truman ndiye aliyekabidhiwa kuisimamia, akisaidiwa na sajini Edward Jacobson, mwenyeji wa biashara ya maduka. Kwa hesabu aliyoitoa Truman baadaye, kila askari alichangia dola 2 na mtaji ukafika dola 2,200. Baada ya miezi sita walirudisha mtaji wote na kugawa faida ya dola 10,000. Kulikuwa na kinyozi na fundi cherehani humohumo. Pombe haikuwepo, sheria ya 1917 ilikataza kuwauzia askari waliovaa sare. Kwangu mimi, hapa ndipo utamu wa barua hizi ulipo: unamwona mtu mzima akihangaika na mahesabu ya duka, huku akisomea namna ya kulenga mizinga.

Dhana: Ofisa lazima awe ametoka chuo cha kijeshi.
Truman alikuwa mkulima. Uluteni aliupata kwa kura za askari wenzake, kama ilivyokuwa desturi ya jeshi la akiba la Missouri.

Dhana: Kila barua ya askari ilipita kwa mkaguzi.
Hayo yalikuwa ya ng'ambo. Huko Ufaransa maofisa walisoma barua za askari wao kabla hazijatumwa, na Truman, akiwa kapteni, aliifanya kazi hiyo. Posta nayo haikuwa bure kwa wote: msamaha wa stempu wa Oktoba 1917 uliwahusu waliopelekwa nje. Aliyebaki kambini Marekani alilipa, na tangu Novemba mwaka huo bei ilipanda kutoka senti 2 hadi 3.

Dhana: Kambini kulikuwa salama, hatari ilikuwa Ufaransa.
Surua na nimonia ziliua vijana wengi kambini majira ya baridi ya 1917–18, kabla hata ya homa kali ya mafua. Mwisho wa vita, Wamarekani waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa mapambanoni.

Dhana: Ukizisoma, umeyajua yote ya wachumba hao.
Barua zaidi ya 1,300 za Truman kwa Bess zimesalia. Za Bess kwake ni chache, kwani nyingi alizichoma mwenyewe. Truman anapojitetea au kujibu utani, mara nyingi hatuna alichoambiwa.