Utamaduni wa mahali pa kazi ni nini?

Utamaduni wa mahali pa kazi ni jumla ya mazoea, imani na matarajio ambayo wafanyakazi wa sehemu moja wamekwisha kuyaona kuwa ya kawaida, kiasi kwamba hawayataji tena. Mgeni huutambua upesi kuliko mwenyeji, kwa sababu siku ya kwanza tu huona ni nani anayesalimiwa na ni nani anayepitwa, mkutano wa saa tatu huanza saa ngapi, na kama bosi akiingia watu huendelea na mazungumzo au hunyamaza.

Edgar Schein, msomi wa Marekani aliyeandika kwa kina kuhusu jambo hili mwaka 1985, aliugawa utamaduni huo katika tabaka tatu: yanayoonekana kwa macho, yanayotangazwa, na yale ambayo watu wameyakubali kuwa kweli bila kuulizana. Ukiingia katika ofisi nyingi za Upper Hill jijini Nairobi, tabaka la kwanza utaliona katika sare na samani, na la pili utalisoma ukutani pale mapokezi, ambapo pameandikwa uadilifu, ushirikiano na heshima. La tatu halijitokezi mpaka jambo liharibike.

Mimi niliiona tofauti hiyo katika kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na River Road, nilikopata kufanya kazi. Kijana wa mashine aligundua, karatasi mia tatu zikiwa zimekwisha kupita, kwamba mwezi wa Februari ulikuwa umepewa siku 29 katika mwaka wenye siku 365. Akanyamaza. Mwezi uliotangulia mwenzake alikuwa ameungama kwamba amemwaga wino, akakatwa mshahara mbele ya watu wote, na somo hilo lilimwingia kila mmoja wetu kuliko tangazo lolote la ukutani. Kalenda elfu mbili zikachapwa, zikafungwa, zikapelekwa kwa mteja, na zote zikarudi. Laiti tungejua pia kwamba kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanyakazi ameisababisha kwa makusudi, na kuteleza kwa mkono si kusudi.

Baadaye tuliletewa msimamizi mwingine, mama mtaratibu, ambaye kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa alituuliza, "Jana ni nini kilitusumbua?" Wiki za mwanzo hakuna aliyejibu, kwa hiyo alikuwa akieleza makosa yake mwenyewe: bei aliyoikadiria vibaya, simu ya mteja aliyosahau kuipiga. Midomo ilifunguka polepole. Amy Edmondson, aliyechunguza makosa ya utoaji wa dawa hospitalini huko Marekani katika miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kuyasema. Takwimu nzuri za makosa, basi, zaweza kuwa dalili ya hofu.

Utamaduni unaomtanguliza mtu hauna maana ya kumlegezea. Mama yule alikuwa mkali kuhusu kazi, lakini alimkosoa mtu faraghani na kumsifu hadharani. Mfanyakazi anayetoka Kayole alfajiri na kukwama kwenye foleni ya Jogoo Road siku ya mvua aliulizwa kwanza kilichompata kabla ya barua ya onyo kuandikwa, na mara nyingi jibu lake lilitosha. Sherehe za mwisho wa mwaka na safari za Naivasha zina raha yake, lakini jambo la mara moja kwa mwaka haliwezi kuwa mazoea.

Sheria nayo imeweka sakafu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Utamaduni huanza juu ya sakafu hiyo. Likizo inayotolewa kwa maneno "nenda, lakini simu usizime" imetimiza sheria kwenye karatasi tu, kwani mtu huyo yuko Kitui na roho yake iko Industrial Area.

Jambo linalosahauliwa sana Nairobi ni walinzi na wasafishaji wanaoletwa na kampuni nyingine. Wanafika kabla ya wote, wanajua nani hulia chooni na nani huondoka saa tatu usiku, lakini majina yao hayamo katika orodha ya chai ya saa nne. Katika kiwanda chetu chai ilikuwa ya vikombe kumi na viwili, hesabu kamili ya walioajiriwa. Wiki ya pili ya kazi yake, mama yule alinunua vikombe viwili zaidi, akamwita mlinzi wa getini na dada aliyekuwa akipiga deki ngazi, wakaketi nasi kwenye benchi.