Mizinga ya Vasa: mashahidi wa 1628 walisema nini hasa

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 1628, manowari mpya ya mfalme wa Uswidi, Vasa, ilitweka matanga manne na kupiga mizinga ya salamu. Kabla haijaenda hata kilomita moja na nusu ikapinduka na kuzama watu wa Stockholm wakiitazama. Watu wapatao 30 walikufa. Ilikuwa na mizinga 64.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba waliohojiwa baadaye walikuwa wakitupiana lawama tu ili kuokoa shingo zao. Hilo linaniuma, kwa sababu mabaharia wale walisema kweli kwa sehemu kubwa.

Dhana: Mizinga haikufungwa, ikabingirikia upande mmoja

Hili ndilo jambo ambalo wakubwa walitaka kulisikia mapema kabisa. Kama mizinga ililegea, au kama mabaharia walikuwa wamelewa, basi kosa ni la waliokuwa chomboni na shauri limekwisha. Nahodha Söfring Hansson alikamatwa mara tu baada ya ajali, akahojiwa. Jibu lake halikuwa la mtu anayekwepa: wamkate vipande elfu kama kuna mzinga ambao haukufungwa, na mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna hata mmoja aliyelewa. Akaongeza kwamba upepo ulikuwa mdogo tu. Merikebu yenyewe ndiyo iliyoshindwa kusimama, ingawa farumi yote (mawe ya kuipa merikebu uzito chini) ilikuwa imeshapakiwa.

Vasa iliopolewa tarehe 24 Aprili 1961, miaka 333 baadaye. Mizinga mingi haikuwemo tena, kwa kuwa katika miaka ya 1660 Albrecht von Treileben na wapiga mbizi wake, wakishuka ndani ya kengele ya kuzamia (chombo kinachobaki na hewa ndani kikiwa majini), walikuwa wameshaitoa zaidi ya 50. Lakini magari ya mizinga, yaani vibebeo vyake vya mbao vyenye magurudumu, yalibaki. Wachimbaji walipoondoa tope kwenye sitaha ya chini waliyakuta bado yamejipanga, kila moja kwenye dirisha lake. Mizinga ingekatika na kuporomokea upande mmoja, magari yangekutwa yamerundikana. Maji yaliingilia kwenye madirisha hayo hayo, yaliyokuwa bado wazi baada ya salamu kupigwa.

Dhana: Mizinga ilikuwa mizito kupita uwezo wa merikebu

Hapa pana ukweli nusu. Mizinga 48 kati ya ile 64 ilikuwa ya kurusha tufe la ratili 24, na iliwekwa kwenye sitaha zote mbili za mizinga. Ukiyapima madirisha ya sitaha ya juu leo, unaona yalikatwa kwa ukubwa wa mizinga ya ratili 12. Mpango wa silaha ulibadilishwa zaidi ya mara moja ujenzi ukiendelea, na mbao zinaonyesha hivyo.

Hata hivyo, uzito wa mizinga yote ulizidi kidogo tu tani 60, yaani takriban asilimia 5 ya uzito wa chombo kizima kikiwa kimepakiwa. Merikebu ya ukubwa ule ingeweza kuubeba. Kasoro ilikuwa kwenye mwili wenyewe: sehemu ya juu ya maji ilikuwa ndefu na nene mno, na ile iliyozama majini ilikuwa ndogo mno kuishikilia.

Kwa nini basi wasiongeze farumi? Swali hilo lilimwangukia Jöran Matsson, mmoja wa maofisa wa merikebu, baraza la uchunguzi lilipokaa kusikiliza ushahidi tarehe 5 Septemba. Alieleza kwamba alishuka na taa kuikagua farumi mwenyewe, na nafasi ilikuwa imejaa. Kuongeza mawe kungeshusha madirisha ya mizinga karibu zaidi na maji. Kisha akatoa habari iliyobadilisha kesi nzima. Kabla ya safari, mbele ya makamu wa amiri Klas Fleming, watu 30 waliamriwa kukimbia sitahani kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mara ya kwanza merikebu iliinama kwa upana wa ubao mmoja, mara ya pili mbao mbili, mara ya tatu mbao tatu. Fleming akasimamisha jaribio. Matsson alipoonyesha wasiwasi, Fleming akamwambia kwamba fundi amewahi kujenga merikebu nyingine, hana haja ya kuhofu.

Kwangu mimi huu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote. Dalili ilionekana bandarini, ikatazamwa na mkubwa, na safari ikaruhusiwa.

Dhana: Aliyekosa alipatikana na kuadhibiwa

Hakuna aliyeadhibiwa. Fundi mkuu, Mholanzi Henrik Hybertsson, alikuwa amefariki mwaka 1627. Hein Jakobsson, aliyemalizia kazi, alijibu kwamba alifuata vipimo vilivyoidhinishwa na Mfalme Gustav II Adolf. Arent de Groote, mshirika wa marehemu, alipoulizwa basi kosa ni la nani, alisema Mungu pekee ndiye ajuaye.

Jibu hilo huchekwa siku hizi, na nadhani si haki. Mwaka 1628 mafundi hawakuwa na hesabu ya kupigia uthabiti wa chombo kabla hakijaingia majini. Walifuata uwiano waliorithi na uzoefu wa mikono yao. Vasa ilikuwa na sitaha mbili kamili za mizinga, aina ambayo Uswidi ilikuwa bado haijaizoea. Mfalme, aliyekuwa vitani ng'ambo ya bahari ya Baltiki na aliyekuwa akihimiza kazi iishe, hakuna baraza ambalo lingethubutu kumwita aje kutoa ushahidi. Nahodha Hansson aliachiliwa.