Tasbihi isiyoonekana: maswali ya barazani kuhusu dopamini na L-DOPA

Hapa kwetu Bombo kuna mzee jirani ambaye mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Tangu aandikiwe dawa ya L-DOPA (levodopa) kule Kampala, barazani maswali hayaishi. Nimekusanya yale yanayorudi kila jioni.

Mzee anatetemeka hata akiwa amekaa tu. Wengine wanasema karogwa. Ni nini hasa?

Nilimtazama siku moja akifunga kanzu. Kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayevuta tasbihi, ila tasbihi yenyewe haimo mkononi. Kifungo kimoja kilimchukua muda mrefu. Lakini aliponyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, mtetemeko ukapungua. Hiyo ni alama kubwa: katika ugonjwa wa Parkinson mkono hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika. Ongeza hapo hatua fupi za kuburuta miguu, sauti inayofifia, na uso uliokaza hata watu wakamwona ana kiburi.

Daktari James Parkinson aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, na kwa mgonjwa seli hizo hufa polepole. Dalili zinapoonekana, nyingi zimeshakwenda. Uchawi haumo. Ila si kila mtetemeko ni Parkinson. Tezi ya shingo na baadhi ya dawa huleta pia, kwa hiyo apimwe.

Dopamini si ile kemikali ya raha wanayoisema vijana?

Vijana wameshika mkia wa ng'ombe wakadhani ndiye ng'ombe mzima. Dopamini hubeba ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Inahusika na hamu ya kutafuta jambo na kulirudia, kweli, lakini pia inalainisha mwendo wa mwili na kuzuia homoni ya maziwa isitoke ovyo.

Mwili huanza na tairosini, kijenzi kimoja cha protini kinachopatikana katika maharage, nyama na mayai. Tairosini hugeuzwa kuwa L-DOPA, na L-DOPA kuwa dopamini. Baadhi ya seli huendelea mbele na kutengeneza noradrenalini, kisha adrenalini. Na katika ngozi, L-DOPA ni hatua moja ya kutengeneza melanini, rangi hii tuliyo nayo.

Kama kilichopungua ni dopamini, kwa nini asipewe dopamini yenyewe?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote. Dopamini ya dawa ipo: hospitalini hupitishwa kwenye mshipa kupandisha presha iliyoshuka vibaya. Lakini kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, tuseme askari wa getini, naye huirudisha dopamini mlangoni. L-DOPA anamfahamu, anamfungulia. Ikishaingia, ubongo wenyewe unaigeuza kuwa dopamini.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, wakalegea wasiweze kusogea. Walipowachoma L-DOPA, sungura wakaamka. Kazi yake juu ya dopamini ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960 huko Vienna, Oleh Hornykiewicz alionyesha kuwa ubongo wa wagonjwa wa Parkinson una upungufu wa dopamini, na mwaka 1967 George Cotzias, akiwa Marekani, alionyesha kuwa dozi kubwa za kumeza, zikipandishwa kidogo kidogo, zinafanya kazi.

Tatizo likabaki njiani: sehemu kubwa ya dawa iligeuka dopamini kabla ya kufika getini, mgonjwa akatapika. Ndiyo maana vidonge vya leo vimechanganywa na kabidopa au benserazidi, zinazozuia mgeuko huo nje ya ubongo.

Atapona?

Hapana. Atasogea vizuri zaidi, jambo ambalo si dogo. Miaka ikipita, dawa huweza kuisha nguvu kabla ya saa ya kidonge kingine, au mwili ukaanza kujinyonganyonga wenyewe. Hapo daktari hurekebisha dozi na saa.

Nasikia hata upupu una dawa hii.

Ndiyo, upupu uleule unaowasha! Mbegu zake zina L-DOPA, na waganga wa jadi wa India wamezitumia tangu zamani. Lakini kiasi hutofautiana mbegu hadi mbegu, na kabidopa haimo. Ukichanganya na vidonge, mzee anaweza kuzidisha dozi bila kujua. Uacheni vichakani.

Ale nini?

Posho na matoke havina ugomvi na dawa. Shida ni maharage, nyama na mchuzi wa karanga, kwa sababu protini yake hugombania geti lilelile. Ameze nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baadaye. Vidonge vya madini ya chuma avitenge kwa saa kadhaa. Ramadhani asipange saa za dawa peke yake. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na daktari aulizwe mapema.

Dawa gani zinaweza kumdhuru?

Zile zinazoziba milango ambayo seli za ubongo hupokelea dopamini. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya maradhi ya akili huweza kumkakamaza mtu hata asiye na Parkinson. (Anayetumia haloperidoli naye asiache ghafla, arudi kwa aliyemwandikia.) Ukienda duka la dawa kumtafutia mzee ya kichefuchefu, anza kwa kusema anatumia levodopa.

Na akilazwa kwa malaria au kuvunjika mguu, vidonge vyake viende naye kwenye begi, pamoja na karatasi ya saa anazomeza. Vikikatwa ghafla mwili huweza kukakamaa kabisa na homa kali ikapanda, na muuguzi wa zamu ya usiku hatajua chanzo msipomwambia.