Je, kupiga ngoma ni jambo la damu?

Kuanzia Mikindani hadi Newala, kule Mtwara kusini mwa Tanzania, wengi wanaamini kwamba kupiga ngoma, gitaa au kinanda ni jambo la damu: usipozaliwa na kipaji, au ukishavuka utoto, hujifunzi tena.

Imani hii ina chanzo chake. Katika familia za wapiga ngoma za sindimba, mchezo wa jadi wa Wamakonde, mtoto husikia midundo tangu akiwa mgongoni kwa mama, hucheza na madebe, husahihishwa na mjomba. Akishakuwa mtu mzima tunaona ustadi wake, ile miaka ya kujifunza hatuioni. Ni kweli watu hutofautiana kwa wepesi, na kuanza mapema kunasaidia. Lakini ubongo wa mtu mzima nao hubadilika kwa mazoezi.

Hapo ndipo mtazamo unapoingia. Anayeamini hana kipaji, mkono wa kushoto ukichelewa tu, anaona huo ndio ushahidi, anaacha. Anayeamini kwamba ngoma hufundishika hupunguza kasi na kurudia palepale palipomshinda: kiganja katikati ya ngozi kwa sauti nzito, vidole ukingoni kwa sauti kali. Hata hivyo, moyo wa kupenda bila kurudiarudia hauzai kitu.

Unaweza kujipima mwenyewe. Chagua mdundo mmoja mfupi, jirekodi kwa simu, fanya mazoezi ya robo saa kila siku, kisha jirekodi tena baada ya mwezi. Msikilizishe mtu asiyejua rekodi ipi ilitangulia. Na ukikutana na fundi wa ngoma, muulize alianza lini na nani alikuwa akimsahihisha.