Saa arobaini na nane za Mkuu wa Wilaya

Kwa miaka mingi Watanzania wengi wameamini kwamba Mkuu wa Wilaya ana haki ya kumweka mtu mahabusu saa 48 kwa sababu tu amemuudhi, amechelewa mkutanoni au amemjibu vibaya. Sivyo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ambayo ndiyo chanzo cha mamlaka hayo, inamruhusu kuagiza polisi wamkamate mtu aliyetenda kosa la jinai, au yule ambaye Mkuu wa Wilaya ana sababu ya kuamini kwamba atavunja amani na kwamba hakuna njia nyingine ya kumzuia isipokuwa kumweka chini ya ulinzi. Kuchelewa kikaoni si uvunjaji wa amani, hata kama kunakera.

Saa 48 zenyewe ni ukomo, wala si adhabu: kabla hazijaisha, aliyekamatwa lazima afikishwe kwa hakimu, na aliyetoa amri aandike sababu zake. Asipofikishwa, anaachiwa huru. Kiongozi anayetumia mamlaka hayo vibaya anaweza kushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu.