Je, wajua paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich lilianzia kwenye maji ya sabuni?

Chukua waya, uunge uwe pete, kisha uipindepinde pete hiyo isilale bapa. Ichovye kwenye maji ya sabuni. Ukiitoa, utaona utando mwembamba umetanda katikati, umebonyea kama tandiko la farasi. Utando huo hujivuta hadi ubaki na eneo dogo kabisa linaloweza kufunika pete ile, na mvutano wake huwa sawa kila upande. Msanifu majengo Frei Otto aliutazama, akaona paa.

Otto alizaliwa Ujerumani mwaka 1925. Alikuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia, akatekwa, na kwenye kambi ya mateka karibu na Chartres, Ufaransa, akapewa kazi ya ujenzi huku vifaa vikiwa haba. Baadaye kazi yake yote ilihusu jambo moja: kufunika nafasi kubwa kwa vitu vichache. Mwaka 1964 alianzisha taasisi ya miundo myepesi huko Stuttgart, ambako tando za sabuni zilipigwa picha na kupimwa.

Kwa nini umbo hilo ni imara? Turubai lililolegea hupigwa na upepo mpaka likachanika. Lakini likivutwa likapinda pande mbili zinazopingana, nyuzi zilizobonyea chini hubeba uzito, na zilizobinuka juu huzuia upepo usilinyanyue. Kila uzi unaukaza mwenzake. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzuri wa kazi yake: nguvu inatoka kwenye umbo, wala si kwenye wingi wa zege.

Kwa Olimpiki ya 1972, Günter Behnisch na wenzake ndio walioshinda shindano la usanifu, na Otto akaitwa kusaidia kulifanikisha paa. Wavu wa nyaya za chuma ulitundikwa kwenye nguzo ndefu, ukafunikwa vioo vya plastiki, kwa sababu televisheni ya rangi haikutaka vivuli vizito uwanjani. Ni takriban mita za mraba 75,000. Sabuni peke yake haikutosha. Vilihitajika vielelezo vya waya na hesabu za kompyuta.

Kwa paa la ukumbi huko Mannheim, Ujerumani, mwaka 1975, Otto alitumia mbinu nyingine: wavu wa minyororo uliachwa uning'inie, umbo lake likapimwa na kupinduliwa juu chini, likajengwa kwa fito za mbao.