Wahugeno wa Afrika Kusini ni akina nani hasa?

Ukipitia majina ya wachezaji wa raga wa Afrika Kusini utakutana na du Toit, le Roux, du Plessis, Pienaar, na kwa sababu tumezoea kwamba makaburu asili yao ni Uholanzi basi mtu anabaki anajiuliza haya majina yenye sura ya Kifaransa yametokea wapi. Yametokea kwa Wahugeno.

Wahugeno ni Waprotestanti wa Ufaransa, waliofuata mafundisho ya John Calvin kwenye nchi ambayo mfalme na watu wengi ni Wakatoliki. Walipigana vita vya dini miaka na miaka mpaka 1598, mfalme Henri wa 4 alipotoa Amri ya Nantes iliyowaruhusu kuabudu kwa utaratibu wao. Mjukuu wake Louis wa 14 ndo akaja kuifuta Oktoba 1685. Na hata kabla hajaifuta mateso yalishaanza, askari wa farasi walikuwa wanapangiwa kulala kwenye nyumba za Waprotestanti, wanakula chakula chao, wanaharibu vitu, wanawasumbua usiku na mchana mpaka familia isalimu amri na kubadili dini. Baada ya 1685 makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakapewa wiki 2 wawe wameondoka, halafu waumini wa kawaida wakakatazwa kabisa kutoka nchini, yaani mwanaume akikamatwa anatoroka anapelekwa kupiga makasia kwenye meli za mfalme na mwanamke anafungwa. Pamoja na hayo watu kama 200,000 walitoroka, wengi wakaenda Uholanzi, Uingereza, Uswisi na Ujerumani.

Sasa Uholanzi kulikuwa na ile kampuni kubwa ya biashara ya Asia, VOC, ambayo tangu 1652 ilikuwa na kituo Rasi ya Tumaini Jema (Cape Town ya leo) kwa ajili ya meli zake kuchukua maji, nyama na mboga. Ilihitaji wakulima, na hapa kuna wakimbizi wamejaa mijini hawana ardhi. Masharti yalikuwa hivi: nauli ya bure, mzigo usizidi ule wa lazima, unaapa kuitii kampuni, ukifika unapewa shamba, vifaa na mbegu unakopeshwa, na lazima ukae miaka 5, baada ya hapo ukitaka kurudi jilipie mwenyewe. Meli kama Voorschoten na Oosterland zikafika 1688, na kundi hilo la miaka ya 1688 na 1689 halikufika hata watu 200.

Walipelekwa Drakenstein, Paarl na bonde la Olifantshoek ambalo baadaye likaitwa Franschhoek. Gavana Simon van der Stel hakutaka Wafaransa wajitenge, kwa hiyo mashamba yao aliyachanganya na ya Waholanzi. Mchungaji wao Pierre Simond alipigania wapate kanisa lao, wakapewa, lakini 1701 kampuni ikaagiza watoto wafundishwe Kiholanzi, na kufikia katikati ya karne ya 18 Kifaransa kilikuwa kimekufa hapo Cape. Yakabaki majina tu, nayo yakapinda, Cronier ikawa Cronje, Pinard ikawa Pienaar. Ikabaki na sifa ya mvinyo, ingawa mizabibu Waholanzi walishaipanda Cape kabla yao.

Kitu ambacho simulizi nyingi za Wahugeno zinakipita haraka, na mimi naona ndo kiini chenyewe, ni kwamba yale mashamba hayakuwa pori lisilo na mwenyewe. Yalikuwa malisho ya Wakhoikhoi, wafugaji waliokuwa wameshapigana na VOC mara 2 na kusukumwa nje, na 1713 ndui iliyoletwa na meli ikaja kuwamaliza wengi waliobaki. Na kazi ya shambani ilifanywa na watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na Wahugeno waliofanikiwa walinunua watumwa kama wenzao Waholanzi. Kwa hiyo mtu huyohuyo ni mkimbizi aliyenyang'anywa kwao na ni mlowezi anayekaa kwenye ardhi ya mwenzake, na huwezi kuchukua nusu moja ukaacha nyingine. Utumwa ulipofutwa 1834, fidia ya serikali ya Uingereza, ambayo wakati huo ndo ilikuwa inatawala Cape, walilipwa mabwana, watumwa wenyewe wakafanyishwa kazi miaka 4 zaidi bila mshahara ndo wakaachiwa. Baadhi ya watumwa na watoto wao walibaki na majina ya mabwana, ndo maana leo hayo majina wanayo hata machotara wa Cape, mfano Peter de Villiers, mzaliwa wa Paarl, ndiye kocha wa kwanza asiye Mzungu wa Springboks, timu ya taifa ya raga, aliteuliwa 2008.

Mnara wa Wahugeno pale Franschhoek ulizinduliwa 1948. Mwaka huohuo D.F. Malan, ambaye ukoo wake unaanzia kwa Mhugeno Jacques Malan, akawa waziri mkuu na ubaguzi wa rangi ukawa sera rasmi ya serikali. Lakini wa ukoo wa Wahugeno ni pia Beyers Naudé, mchungaji wa kanisa la makaburu aliyeupinga ubaguzi huo hadharani, akapoteza nafasi yake kanisani, na 1977 serikali ikampiga marufuku ya miaka 7, asihutubie wala kukutana na watu kwa uhuru.